Kufunga waya wa ndoana kwa samaki wakubwa wenye meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kile kipande cha waya kinachokaa kati ya mshipi na ndoana ili samaki mwenye meno asikate na kwenda zake. Majibu ni ya mtu anayetaka kufunga kwa mkono wake mwenyewe. Jambo moja litajirudia humu: waya mzima hukatika mara chache sana. Kinachoachia ni pale ulipopindwa, uliposokotwa au ulipominywa, kwa hiyo nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti haina maana kama mikono imefanya haraka.

Ni samaki gani hasa wanaohitaji waya?

Wale wanaokata. Nguru, tengesi na papa wako mbele kabisa. Kwenye maji baridi kuna paiki, samaki mwenye meno makali wa nchi za kaskazini, na kuna samaki wa jenasi Hydrocynus wa mito na maziwa ya Afrika, ambao meno yao marefu hupishana nje ya mdomo hata ukiwa umefungwa. Kwa hao usibahatishe.

Sangara, kolekole na jodari wa mapezi ya njano ni wakubwa na wana nguvu, lakini midomo yao hukwaruza kuliko kukata, na nailoni nene inawatosha. Nduaro naye ana mdomo mrefu wenye ukwaru kama tupa, ila naye huvuliwa kwa nailoni nene. Jodari ana macho makali mno. Kumwekea waya mchana kweupe kwenye maji maangavu ni kujinyima samaki.

Kwa nini nisiweke tu nailoni nene sana?

Unaweza, na mara nyingine itashika. Tatizo ni kwamba nailoni iliyovutwa ikakaza haihitaji kutafunwa ili ikatike. Meno ya nguru ni bapa, yana makali pande zote, na mguso mmoja samaki akiwa anakimbia unatosha. Florokaboni, aina nyingine ya mshipi wa plastiki, ni ngumu kidogo, inachelewesha, haizuii.

Ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, hubadilisha hesabu, kwa sababu mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo na kuuacha mshipi nje ya meno. Wapo wanaovua papa kwa njia hiyo bila waya. Kwa nguru, mimi bado nachagua waya mfupi na mwembamba kuliko nailoni nene na ndefu. Hauonekani zaidi ya hiyo nailoni, na haukatwi.

Kuna aina ngapi za waya, na nichague upi?

Waya wa uzi mmoja ni chuma kigumu kisichoshika kutu kwa urahisi, kimenyooka, chembamba kwa nguvu yake. Ndio mwembamba kuliko wote ukilinganisha kilo kwa kilo, na haukatwi uzi mmoja mmoja. Udhaifu wake ni mkunjo: ukipinda kwa kona kali, basi. Huo ndio wa nguru na tengesi.

Waya wa nyuzi 7 zilizosokotwa pamoja unalegea zaidi na hufungwa kwa kuminya mrija mdogo wa chuma. Jino likikata uzi mmoja, zilizobaki huanza kuchanua na waya unageuka brashi. Waya wa nyuzi 49, yaani mafungu saba ya nyuzi saba saba, ni laini kabisa na haukunjiki ovyo. Ni mnene, una bei, na ni wa papa na samaki wengine wakubwa wanaojiviringisha.

Kuna pia waya uliovishwa plastiki, ambao unaweza kuyeyushwa kwa moto (nitaueleza chini), waya mwembamba laini unaofungika fundo, na waya wa titani. Titani hurudi katika umbo lake ukiupinda na huvumilia samaki wengi kabla ya kutupwa. Lakini tabia hiyo hiyo ya kurudi ndiyo inayoufanya usikubali msokoto wa mkono. Funga kwa mrija, au kwa fundo kama ni ule laini.

Kama unanunua robota moja tu la kuanzia, nunua wa uzi mmoja wenye rangi ya kahawia. Ule unaong'aa huvutia meno mahali usipotaka.

Namba kwenye pakiti zina maana gani?

Waya wa uzi mmoja huuzwa kwa namba, na namba ikipanda unene unapanda. Namba 5 ina unene wa milimita 0.36 hivi na hubeba karibu kilo 20. Namba 7 ni milimita 0.46, karibu kilo 31. Namba 9 ni milimita 0.56 na inafika kilo 47 hivi. Namba 12 ni milimita 0.74 na inakaribia kilo 79. Watengenezaji hutofautiana kidogo.

Kwa nguru wa kawaida kwenye mshipi wa kilo 10 hadi 15, namba 5 hadi 7 inatosha. Wanaokokota chambo kwa kasi nyuma ya chombo hupanda hadi 8 au 9. Kanuni ni rahisi: waya uwe na nguvu kuliko mshipi, ili kitu kikikatika kiwe fundo la mshipi na si ndoana yako bora pamoja na chambo bandia. Kuzidisha hapo ni kupunguza idadi ya samaki watakaogusa chambo, maana waya mnene hukifanya kiogelee kama kimefungwa ubao.

Uwe na urefu gani?

Kwa tengesi na paiki, sentimita 30 zinatosha. Nguru, sentimita 30 hadi 60. Maji yakiwa maangavu na samaki wakawa waoga, punguza urefu kabla ya kubadilisha chambo. Nimeona mara nyingi sentimita chache zikileta tofauti kuliko rangi ya chambo iliyobishaniwa asubuhi nzima.

Papa ana hesabu yake, tazama swali lake.

Msokoto wa waya wa uzi mmoja unafungwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo soma taratibu ukiwa na waya mkononi.

Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, uache ncha ya sentimita 12 hivi. Ikunje irudi, upate kitanzi kidogo chenye umbo la tone. Shika kitanzi kwa plaizi, au kwa kidole gumba na cha shahada kama vidole vyako vina nguvu. Sasa una nyaya mbili zinazotoka kwenye kitanzi: waya mkuu na ncha. Zitanue ziachane kwa pembe inayozidi kidogo nyuzi 90.

Zisukume zipishane, *zote mbili kwa pamoja*, kila moja ikizunguka mwenzake. Usiache waya mkuu umenyooka huku ncha ikiuzunguka. Zote zijipinde sawasawa, na ukitazama kwa ubavu uone msururu wa alama za X zinazolingana. Fanya mipishano mitano au sita kamili. Waya mwembamba chini ya namba 5 uongezee miwili. Mipishano hii ndiyo inayobeba mzigo wote.

Baada ya hapo, pinda ncha isimame wima dhidi ya waya mkuu, nyuzi 90 kamili, uizungushe mara nne au tano, kila mzunguko ukilalia ubavuni mwa wenzake bila nafasi katikati. Sehemu hii haibebi mzigo. Kazi yake ni kufunga mlango, ili mipishano ya kwanza isifunguke.

Mwisho unabaki na ncha inayochomoza. Usiikate. Ipinde katikati upate umbo la mpini wa kukorogea, shika kitanzi imara kwa mkono mwingine, kisha tikisa mpini huo mbele na nyuma. Baada ya mitikisiko michache utasikia "tik", na waya utakatika pale pale ulipoishia mzunguko wa mwisho. Pitisha kidole juu yake: usisikie kitu kabisa.

Kwa nini usikate kwa plaizi?

Kwa sababu plaizi, hata iwe kali vipi, huacha kijincha. Kijincha hicho hukusanya majani ya baharini, hukwaruza nailoni, na zaidi ya yote huchana kiganja cha mtu atakayeshika waya samaki akiwa ubavuni mwa chombo. Vaa miwani wakati wa kuvunja. Kipande kikiruka hakichagui. Na viokote vipande vyote, hasa kwenye chombo ambako watu hutembea peku.

Msokoto wangu unateleza nikiuvuta. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara ni mipishano ya mwanzo. Itazame kwa karibu: kama waya mmoja umenyooka kama msumari na mwingine umeuzunguka, huo si msokoto, ni kamba iliyoviringishwa kwenye nguzo, na itateleza. Sababu ya kawaida ni pembe ndogo. Ukianza na nyaya zilizokaribiana, mmoja hubaki umelala.

Sababu ya pili ni kuhama ghafla. Mtu anamaliza mipishano vizuri, kisha anapopinda ncha kuanza mizunguko ya kubana anaacha nafasi ya milimita mbili tatu katikati. Nafasi hiyo huanza kucheza, na waya unaocheza huchoka.

Jaribu kila msokoto kabla haujaingia majini. Ingiza ndoana kwenye kitu imara, shika upande wa pili kwa plaizi, vuta kwa uzito wa mwili wako. Kama utaachia, uachie hapo.

Mirija ya kuminya hutumikaje kwenye waya wa nyuzi nyingi?

Mrija ni kibomba kifupi cha chuma laini. Unapitisha waya ndani yake, kisha kwenye tundu la ndoana, kisha unaurudisha ndani ya mrija na kuuminya. Kueleza ni rahisi, na ndiyo maana wengi huuharibu.

Kwanza, ukubwa. Waya ukirudi mara mbili ndani ya mrija ujae vizuri bila kulazimishwa. Ukicheza, hakuna kiasi cha kuminya kitakachousaidia. Pakiti nyingi zina jedwali la kulinganisha; lifuate hilo kuliko jicho lako.

Pili, kifaa. Plaizi ya kawaida huukandamiza mrija ukawa bapa, na kingo zake huwa kisu kinachoukata waya taratibu kila samaki anapovuta. Tumia koleo la kuminyia lenye vishimo vya duara vinavyolingana na mrija. Kwa mrija wenye matundu mawili yaliyo sambamba, hakikisha vishimo vya koleo vimetengenezwa kwa umbo hilo.

Tatu, mahali pa kuminya. Minya katikati, na kama mrija ni mrefu minya mara mbili au tatu, lakini acha milimita moja hivi kila mwisho bila kuguswa. Miisho hiyo ikibaki imefunguka kidogo kama mdomo wa tarumbeta, waya hutoka taratibu bila kupinda kwenye ukingo mkali. Ukiminya hadi mwisho, umetengeneza mahali pa kukatikia.

Ncha ya waya iishie pale pale mrija unapoishia, au ichomoze kwa nywele tu. Nyuzi zinazochomoza hutoboa vidole kuliko ndoana yenyewe.

Nimeona mtu akizungusha waya mara mbili kwenye tundu la ndoana kabla ya kuminya. Kuna faida?

Ipo. Unapitisha waya mara mbili kwenye tundu, kisha ncha inapita ndani ya duara hizo kabla ya kuingia kwenye mrija. Mzigo hugawanyika kwenye chuma kingi zaidi na waya hausuguliki sehemu moja. Kwa samaki mkubwa ni kazi ya dakika moja inayolipa. Kwa waya mnene sana weka ndani ya kitanzi kikombe cha chuma, yaani kipande kilichopinda chenye mfereji ambamo waya hulala usisuguliwe, badala yake.

Mrija wa alumini au wa shaba?

Shaba kwa waya, alumini kwa nailoni. Alumini ikikaa na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka, kwa sababu metali mbili tofauti zikiguswa na chumvi huwa kama betri ndogo, na iliyo dhaifu ndiyo inayoyeyuka. Kwa nje unaweza usione chochote.

Waya uliovishwa plastiki unayeyushwaje?

Pitisha ncha kwenye tundu, izungushe kwenye waya mkuu mara nane hadi kumi, kisha pitisha moto wa kiberiti cha gesi chini yake, huku na huko bila kusimama, hadi plastiki ing'ae na kushikana. Ondoa moto kabla haijawa nyeusi. Acha ipoe bila kuigusa. Inafaa kwa paiki na tengesi wadogo. Kwa samaki wa kilo nyingi siiamini.

Je, waya unaweza kufungwa fundo?

Ule laini wa nyuzi nyingi, ndiyo, kwa fundo la umbo la nane. Ncha inapita kwenye tundu, inazunguka nyuma ya waya mkuu, kisha inarudi kupita ndani ya kitanzi cha kwanza kilicho karibu na ndoana. Siri ni namna ya kukaza: vuta *ncha* kwa plaizi. Ukivuta waya mkuu, unajikunja juu ya fundo na kubaki na mawimbi ambayo hayatoki tena.

Naunganishaje waya na mshipi?

Kwa suiveli, ile pete inayozunguka ili mshipi usijisokote. Iwe ndogo na nyeusi. Hii si mapambo: suiveli kubwa inayong'aa, ikikokotwa, huacha mkia wa viputo, na nguru anayefuata huidhania dagaa. Huuma hapo, juu ya waya, na wewe unarudisha mshipi mtupu uliokatwa safi ukishangaa waya ulikuwa na kazi gani.

Kama hutaki suiveli, fundo la nailoni juu ya waya linafaa. Kunja mwisho wa waya uwe kitanzi chembamba cha sentimita 5, au kama ni waya wa uzi mmoja utengenezee kitanzi cha msokoto. Ingiza nailoni ndani yake, izungushe juu yake yenyewe na juu ya miguu yote miwili ya waya mara nane hadi kumi, ukirudi kuelekea kichwa cha kitanzi, kisha itoe kwa upande ule ule ilikoingilia. Lowanisha, kaza taratibu. Likiwa dogo linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga.

Samaki wanakata nusu ya nyuma ya chambo na kuacha ndoana. Nifanyeje?

Huyo ni nguru, na anafanya anachofanya siku zote: hukata mkia wa windo kwanza, kisha hurudi kula kilichobaki. Ongeza ndoana ya pili nyuma. Chukua waya namba ile ile, funga msokoto kwenye tundu la ndoana ya mbele, na mwisho wa pili ufunge ndoana ya mkiani. Ndoana ya mbele ishike puani mwa chambo na ya nyuma ikae karibu na mkia. Waya wa katikati uwe na ulegevu kidogo. Ukikaza, chambo kinajikunja na kuzunguka kama feni, na hakuna nguru mjinga kiasi hicho.

Na papa?

Papa ana silaha mbili. Meno ni moja. Ya pili ni ngozi: imejaa vijino vidogo, na hukwaruza nailoni hadi ikatike hata kama ndoana iko mbali na mshipi. Tena hujiviringisha, na mkia hupiga mshipi. Kwa hiyo waya wa nyuzi 49, nusu mita hadi mita moja, ukae upande wa ndoana, kisha unganisha nailoni nene sana ya mita mbili au zaidi kwa ajili ya ngozi na mkia. Waya wa uzi mmoja hapa ni hatari: papa akijiviringisha mara moja, unapata mkunjo, na mkunjo ukivutwa unakatika kwa uzito mdogo ajabu.

Kabla ya yote, angalia sheria za mahali ulipo. Aina nyingi za papa zinalindwa.

Waya umepinda. Naweza kuunyoosha?

Kama ni mawimbi mapana, ndiyo: ushike kwa kitambaa kizito na kuuvuta kati ya vidole. Kama ni kona kali, hapana. Ukiinyoosha, inapotea machoni lakini chuma ndani kimeshachoka. Kata hapo, funga upya. Waya ni rahisi kuliko samaki.

Naweza kutumia waya ule ule mara ngapi?

Wa uzi mmoja, baada ya samaki mkubwa mimi naubadilisha. Wa nyuzi nyingi, pitisha kucha yako toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama kwenye uzi mmoja tu uliokatika, tupa. Suuza kwa maji baridi, kausha, viringisha kwenye duara la sentimita 15 au zaidi. Kutu huanzia ndani ya mrija na ndani ya msokoto, kwa hiyo doa dogo la rangi ya kahawia pembeni mwa mrija lichukue kwa uzito.

Nishikeje waya samaki akifika ubavuni?

Kwa glavu nene, na usiufunge kwenye kiganja wala kwenye vidole. Kuna watu wamevutwa wakaingia majini na samaki mkubwa kwa sababu waya uliwang'ang'ania mkononi. Ushike kwa namna ambayo ukifungua vidole tu, unatoka wenyewe. Na waya uliolegea usiuache sakafuni karibu na miguu.

Kuna mipaka ya urefu kwa anayetaka rekodi?

Ndiyo. IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za samaki wa ndoana tangu 1939, hupima waya pamoja na nailoni ya mbele, yaani ile nene inayofungwa kati ya mshipi na waya, kama kitu kimoja. Kwenye maji ya chumvi, kwa mshipi wa hadi kilo 10, mwisho ni mita 4.57, na ukijumlisha na sehemu ya mshipi uliokunjwa maradufu isizidi mita 6.1. Kwa mshipi mzito zaidi ni mita 9.14 na jumla ya mita 12.19. Maji baridi ni mita 1.82, jumla mita 3.04.

Waya unamdhuru samaki kuliko nailoni?

Inategemea ni samaki gani na unavuaje. Paiki aliyekata nailoni huondoka na ndoana kooni. Kwake waya ni huruma. Kwenye uvuvi wa kibiashara wa mishipi mirefu, ambako mshipi mmoja hubeba ndoana nyingi, ni kinyume: papa anayenaswa kwa bahati mbaya huweza kung'ata nailoni na kujiokoa, lakini kwenye waya hatoki. Ndiyo maana WCPFC, tume inayosimamia uvuvi wa jodari katika Pasifiki ya magharibi na kati, imepiga marufuku waya kwenye mishipi mirefu inayolenga jodari na nduaro kati ya latitudo 20 kaskazini na 20 kusini, kuanzia 2024.

Kwa mvuvi wa fimbo moja anayerudisha samaki majini, funga waya unaoshika, mlete samaki haraka, na uwe na plaizi ndefu ya kutolea ndoana kiunoni kabla hujatupa mshipi wa kwanza.